Karama Isiyohama

Kawangware, 12 Januari 2025

Kwa Dada Kavetsa,

Salamu sana. Mimi huku ni mzima, au niseme niko hai, maana uzima bado unanijia polepole. Naandika kwa kalamu kama mtoto wa shule kwa sababu simu yangu ilibaki langoni siku ile uliyonileta. Hapa hakuna simu mpaka umalize. Pasta Simeon anasema pombe humrudia mtu kwanza kwa simu, rafiki anakupigia tu kukujulia hali. Sikubishana naye. Nilikuwa natetemeka mpaka nikashindwa kufunga kamba za viatu, na ni yeye aliyeinama akanifungia.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya, dada. Niliona wadudu ukutani. Nilitapika mpaka nikawa natapika maji. Niliwatukana hawa watu matusi ambayo siwezi kukuandikia wewe, mama wa maombi. Walikaa tu kando ya kitanda wakiimba. Mmoja anaitwa Obonyo, zamani alikuwa konda wa matatu, sauti yake ni mbovu kabisa, lakini ndiye aliyeimba mpaka nikalala.

Nyumba yenyewe ni ya mabati, nyuma ya kanisa. Tunalala wanaume wengi chumba kimoja. Wamesikia mimi ni fundi wa rangi, sasa wanataka nipake kanisa kabla ya Pasaka. Nimewaomba waanze na rangi ya maji. Harufu ya thinner, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, bado siiwezi. Nikiisikia, mate yananijaa mdomoni.

Mzee Walubengo ameniambia atakuwa anapita kwako kila akileta mayai yake huku, kwa hivyo barua mpe yeye. Na wewe unalala sasa? Hakuna mtu wa kukugongea mlango akiimba.

Ni mimi ndugu yako,
Isaac

---

Sarang'ombe, Kibera, 26 Januari 2025

Ndugu yangu mpendwa Isaac,

Bwana asifiwe. Barua yako imenifikia na nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kina mama wote wa maombi wanakusalimia. Ijumaa tulifunga kwa ajili yako, na Jumapili Pasta wetu alitaja jina lako mimbarini. Watu walipiga makofi. Wewe kaza moyo. Usiwatukane tena.

Mimi nalala vizuri sana. Usiulize hilo tena.

Kazi ni nyingi, unajua Januari na sare za shule. Nilienda Makina kununua kitambaa, nikarudi nikakata sketi za shule moja zote upande usiofaa, ikabidi nirudie. Ni uchovu tu. Wanja, huyu jirani wa makaa, amekuwa akiniletea uji, ingawa sijamwomba.

Chumba kimenyamaza, Isaac. Zamani nikisikia umeanguka koridoni nilijua la kufanya. Nilikuvuta ndani, nikakuvua viatu, nikakuosha uso. Sasa jioni inafika na sijui mikono yangu niiweke wapi. Lakini haya si mambo ya kukuandikia mgonjwa. Omba asubuhi kabla hujaongea na mtu. Kula unachopewa.

Dada yako katika Bwana,
Kavetsa

---

Kawangware, 2 Machi 2025

Dada,

Kuna kitu kimetokea na sijui nikiiteje.

Nilikuwa napaka milango ya kanisa. Milango ni chuma, inataka rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta inataka thinner. Nilifungua mkebe nikauweka chini karibu na ngazi, nikaanza kazi. Nilipaka mpaka watu wakaitwa kula. Obonyo akaja chini ya ngazi akaniuliza, "Wewe, hiyo harufu umeivumilia aje?" Ndipo nikakumbuka. Dada, nilikuwa nimesahau. Asubuhi nzima mkebe uko wazi na sikuwa nimeusikia. Nilishuka nikaweka pua kabisa pale juu. Ilikuwa thinner tu. Hakuna kitu kilichoamka ndani yangu. Nilikaa kwenye ngazi nikalia mpaka chakula kikapoa.

Nilimwendea Pasta Simeon. Nikamwambia, "Pasta, nimejitahidi mpaka nimeweza."

Akacheka, si kwa ubaya. "Ulijitahidi muda gani huko Kibera?"

"Miaka."

"Na jitihada ilikufikisha wapi?"

"Hapa."

"Hapa ulibebwa na dada yako."

Akanieleza kwamba kuna kiasi, ambacho ni tunda la Roho. Tunda hukua polepole kwa mti, na mtu akilipalilia analiona. Lakini hii yangu haikukua. Nimepewa mkononi, bila kustahili. Hiyo ni karama. Nikamwuliza mbona ile orodha ya karama tunayosomewa haitaji kuacha pombe. Akasema orodha ni fupi, Mungu hakuishia hapo. Kisha akaniambia kitu ambacho kimenikaa kichwani: karama haipewi mtu akae nayo peke yake. Hupewa kwa faida ya mwingine. Nikamwuliza, nani? Akasema hajui, nitaonyeshwa.

Nakuandikia wewe wa kwanza. Ni wewe uliyeomba.

Isaac

---

Sarang'ombe, 16 Machi 2025

Ndugu yangu Isaac,

Bwana asifiwe sana. Barua yako niliisoma kanisani. Sikuwa nimepanga, lakini Mzee Walubengo aliniletea pale pale mlangoni, na Pasta akaniona nikifuta machozi, akaniita mbele. Nilisoma yote, mpaka ya mkebe. Watu walisimama. Kina mama walipiga vigelegele, wakanizunguka, mmoja akasema imani yangu imebomoa jela. Baada ya ibada Pasta akanitangaza kiongozi wa kina mama. Sasa kuna watu wanakuja mpaka nyumbani wakileta majina ya waume zao na watoto wao niwaombee.

Sasa nataka unieleze jambo moja vizuri. Ile hamu iliondoka yote mara moja, au ilipungua kwanza? Siku hiyo ulikuwa umeomba nini? Kuna maneno fulani uliyasema? Ulikuwa umefunga? Nauliza kwa sababu kuna mama mmoja katika kundi letu anasumbuliwa na jambo hili kisirisiri, na ananitegemea mimi nimwelekeze. Usimtaje kwa mtu yeyote huko. Ana heshima zake.

Nijibu haraka. Nimekuwa na homa kidogo, ndiyo maana mwandiko si mzuri.

Dada yako,
Kavetsa

---

Kawangware, 23 Machi 2025

Dada,

Hongera kwa uongozi. Hapa nimewaambia wote, Obonyo ananiita mtoto wa kiongozi.

Kuhusu huyo mama. Sina maneno ya kumpa. Sikuwa nimefunga, na asubuhi hiyo hata sikuomba vizuri, nilikuwa nawaza mlango wa pili utamaliza rangi. Iliondoka yenyewe nikiwa siangalii. Najua hilo halimsaidii.

Lakini kuna kitu kimoja kilitangulia. Nilikuwa nimesema. Hapa jioni tunakaa kwa duara na kila mtu anasema ukweli wake, na mimi nilikuwa nimesema wangu mpaka ukaisha. Kwa hivyo mwambie huyo mama atafute mtu mmoja amwambie kila kitu. Mtu mmoja tu. Amwambie hata wewe. Wewe hujawahi kumcheka mlevi, dada, mimi najua kuliko wote. Mwambie akija kwako atakuwa salama.

Kunywa dawa ya homa.

Isaac

---

Sarang'ombe, 6 Aprili 2025

Isaac,

Ni mimi Wanja wa makaa. Mkono wangu wa kuandika si mzuri, utanisamehe. Mzee Walubengo nimempa hii bila dada yako kujua.

Sikutaka kuingilia mambo ya nyumba ya watu. Lakini kati yetu ni bati moja tu na mimi nasikia. Dada yako anakunywa. Si ya kuonja. Alianza kabla wewe hujaenda. Zile chupa zilikuwa zinatupwa kwa mtaro alfajiri mimi nilidhani ni zako. Wewe ukaenda, chupa zikabaki.

Jumapili anaoga, anafunga kitambaa chake cheupe, anaenda kanisani anaomba mpaka watu wanaanguka. Akirudi anajifungia. Juma lililopita alijishona kidole. Sindano iliingia ikatokea upande wa pili, na yeye anaiangalia tu. Mimi ndiye nililia. Nikamwambia, "Mama, twende kwa pasta." Akaniambia, "Wanja, mimi ndiye watu huletwa kwake. Mimi niende kwa nani?" Akafunga mlango.

Atanichukia akijua nimekuandikia. Wacha anichukie, lakini awe hai.

Wanja

---

Kawangware, 8 Aprili 2025

Dada yangu,

Yule mama wa kundi lenu ni wewe.

Usimuulize mtu nimejuaje. Sikuandikii kukuhukumu. Ningekuhukumu kwa mdomo gani? Naona tu aibu kwamba uliniuliza njia ukiwa umepotea, nami nikakujibu kama naelekeza mgeni barabarani.

Kuna nyumba ya wanawake huku, ng'ambo ya barabara, inasimamiwa na mke wa Pasta Simeon. Nimeenda nikaiona. Ni safi. Kuna kitanda. Hakuna mtu huku anayekujua wala anayejua wewe ni kiongozi wa nini. Sasa najua niliyopewa ni kwa faida ya nani. Njoo, dada. Mzee Walubengo atakuleta, hatauliza kitu.

Isaac

---

Sarang'ombe, 13 Aprili 2025

Isaac,

Umeniandikia kama pasta. Miezi michache tu na tayari unaniita kwa kidole.

Nani alikulea? Mama alipokufa ulikuwa bado unakojoa kitandani. Niliacha shule nikakaa kwa cherehani nikiwa msichana ambaye hata pedali haikunifikia vizuri. Ulipoanza kunywa nilikutafuta kwa mitaro, na mvua ikinyesha. Nilikuwa nanyang'anya chupa zako namwaga. Unataka kujua siku ambayo sikumwaga? Ni siku uliyonipiga ngumi ukanitoa jino, halafu ukalala hapo sakafuni kama mtoto. Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Nilitaka kujua ni nini hiki kinachopendwa kuliko mimi. Nikaonja. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Mama afe.

Nilikuombea, Isaac. Kila Ijumaa, tumbo tupu. Nilimwambia Mungu, mpe huyu kijana. Akakupa. Nami nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo, na mkono wake ukanipita kuja kwako. Sijui kama aliniona.

Halafu unaniambia njoo. Kesho yake Sarang'ombe yote iseme, kiongozi wa kina mama yuko rihabu na walevi. Wale wanaoniletea majina ya watoto wao nitawaambia nini? Kwamba nilikuwa nikiwaombea kinywa kinanuka?

Usije. Nakuambia kama mama yako. Kaa na karama yako huko, nami uniache.

Kavetsa

---

Hospitalini, Nairobi, 11 Mei 2025

Kwa Pasta Simeon,

Umenipigia simu nisishike. Nisamehe. Nikianza kuongea nitalia na hapa wodini kuna watu, kwa hivyo naandika.

Ulinikataza kuja Kibera. Ulisema bado sijawa tayari, na tena yeye hajaniita. Nilitoka Jumatatu ya Pasaka, nikachukua simu yangu langoni, nikatembea mpaka Sarang'ombe. Nilidhani atanifungia mlango. Aliufungua, akaniangalia, akaniambia nimenenepa. Kisha akakaa chini akalia.

Nataka ujue zilikuwepo siku nzuri. Tulimwaga chupa zake zote pamoja. Alipoanza kutetemeka nilikaa kando ya kitanda nikamwimbia, vile Obonyo aliniimbia. Wanja alituletea uji na dada yangu akamshukuru kwa jina. Akaanza kula. Tukacheka habari za Mama, vile alikuwa akificha sukari na kusahau mahali. Nilikuwa naenda mtaa wa Raila kupaka kibanda cha mtu, narudi jioni namkuta anashona. Nilifikiri imekwisha.

Nilifanya pia jambo moja ambalo nililionea fahari. Nilimwendea mama anayeuza pombe hapo kwetu, ambaye dada alikuwa akinunua kwake, nikamwomba asimuuzie tena. Aliniheshimu, akakubali.

Kwa hivyo hamu ilipomrudia, hakwenda hapo. Alishuka chini karibu na mto, mahali ambapo hakuna anayemjua, akanunua ya watu asiowajua. Ilikuwa imechanganywa na kitu cha kiwandani. Wengine waliokunywa mahali hapo siku hiyo wamekufa. Yeye alirudi, akalala, sikujua. Asubuhi aliamka akaniuliza, "Isaac, mbona hujafungua dirisha?"

Pasta, dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Daktari anasema figo zitapona. Macho hayatarudi. Alieleza kuhusu mshipa unaotoka jichoni kwenda kwa ubongo, akanichorea. Dada yangu alisikiliza, akauliza kama ataweza angalau kutunga uzi kwenye sindano. Daktari akaniangalia mimi.

Ningemwacha, angekunywa kwa yule mama anayemjua, na leo angekuwa anaona. Siwezi kuzunguka hilo nikalipita.

Jana nilitoka nje nikatafuta pombe. Nilipata, si kazi hapa mjini. Nilisimama nyuma ya ukuta nikamwambia Mungu, toa hii kwangu umpe yeye. Mimi nitakunywa mpaka nife, sitalalamika, lakini yeye umpe. Nikaiweka mdomoni nikangoja hamu inirudie. Haikuja. Nikatema. Nilikasirika, Pasta, kuliko nilivyowahi kukasirika nikiwa mlevi. Uliniambia nitaonyeshwa ni kwa faida ya nani. Nilionyeshwa, na sikuweza kuivusha kutoka kwangu kwenda kwake.

Isaac

---

Kawangware, 13 Mei 2025

Ndugu Isaac,

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

 Nina ndugu, sijawahi kukutajia, anaitwa Ndululu. Tulianza kunywa pamoja tukiwa vijana, kikombe kimoja. Mimi nikapewa. Yeye nilimwombea, nikamfuata, nikamlaza kitandani kwangu, nikamfungia mlango kwa nje, nikafanya yote unayojua wewe. Tulimzika. Watu hunisikia nikihubiri karama na hudhani nimeelewa. Mimi nahubiri nilichopewa. Sababu ya kupewa sijawahi kuijua.

Hili tu nalijua. Karama haihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Hata Mungu ukimwomba hivyo, hafanyi. Kazi yako ni kukaa karibu na dada yako, na kukaa karibu si kitu kidogo, hata kikionekana hakijafaulu.

Usibebe kosa la aliyechanganya ile pombe. Ana lake la kujibu.

Kitanda cha dada yako bado kipo. Mke wangu amekitandika leo. Aje akitaka, asipotaka kitabaki kimetandikwa.

Simeon

---

Sarang'ombe, 17 Agosti 2025

Dada yangu Kavetsa,

Najua atakayekusomea hii ni Caren, rafiki yako wa kitanda cha pili huko nyumba ya wanawake. Caren, salamu, na asante. Kama kuna mahali dada atakwambia uruke, tafadhali usiruke.

Mimi naishi chumbani kwako. Nimepata kazi ya rangi, nyumba moja hapa na nyingine Raila. Wanja bado analeta uji. Anauliza kila siku kama umekula, kana kwamba mimi ninaona hadi Kawangware.

Leo nilisimama kanisani. Tangu utoke hospitalini na kwenda huko, maneno yamekuwa mengi. Kuna waliosema umeolewa, kuna waliosema umelaaniwa. Kina mama wengine walianza kusema maombi yako hayakuwa ya kweli. Pasta aliniomba nitoe ushuhuda wa jinsi Mungu aliniokoa na pombe. Nilikumbuka ulichoniambia siku ya wageni, kwamba niseme yote, umechoka kufichwa.

Nilisema. Nikawaambia nimepewa kitu ambacho sikukifanyia kazi, na kwamba aliyeniombea kwa tumbo tupu alikuwa anazama huku akiomba, na sisi wote tulimpigia vigelegele. Nikasema kuhusu macho. Nikasema maombi yako yalikuwa ya kweli kwa sababu mimi nimesimama hapa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilirudi kukaa na kiti kilitoa mlio kanisa zima likasikia.

Baadaye, watu wakitoka, mama mmoja alibaki nyuma akijifanya anatafuta kiatu cha mtoto. Unamjua vizuri, amekaa karibu na wewe kwa kundi la maombi tangu uanze. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hata mimi." Akaniuliza ni wapi huko. Nimemwelekeza. Pengine utasikia sauti unayoijua hapo Alhamisi.

Dada, sijawahi kukuuliza jambo moja. Nimelizunguka kila nikija kukuona, tunaongea habari za chakula. Unanilaumu? Nijibu ukweli. Nikijua, nitaweza kulibeba.

Isaac

---

Kawangware, 7 Septemba 2025

Isaac ndugu yangu,

Caren anaandika, mimi nasema.

Kwanza, yule mama alifika. Nilijua ni yeye kabla hajaongea, anavuta mguu. Sikujua yeye pia anakunywa. Tulikuwa tunaomba tumeshikana mikono, yeye akiogopa nimnuse, mimi nikiogopa aninuse. Tumelia kuhusu hilo, halafu tukacheka kidogo.

Umeniuliza kama nakulaumu. Ndiyo. Kuna siku nakulaumu kutoka asubuhi mpaka jioni. Nasema, huyu kijana alikuja na wema wake akanifungia njia ya kununua kwa mama niliyemjua. Siku nyingine najilaumu mwenyewe, kwa sababu ni miguu yangu iliyoshuka mpaka mtoni, hakuna aliyenibeba. Siku nyingine namlaumu yule aliyechanganya. Nikiwachoka nyote namlaumu Mungu, na yeye hajibu wala hakasiriki. Siku hizo zinazunguka tu. Zako zimeanza kupungua. Sijasema zimeisha.

Hapa walikuja wageni wa kanisa kubwa, wakaniuliza kama ninaweza kutoa ushuhuda kwamba Mungu alichukua macho ili anipe roho. Nilikataa. Mke wa Pasta Simeon alinishika bega, akawaambia nimejibu vizuri. Mungu hafanyi biashara na macho ya watu. Yangu yalichukuliwa na pombe mbaya, na woga wangu wa kujulikana ulinipeleka kuinunua. Nikisema vingine nitakuwa nimeanza tena kuficha.

Ile uliyopewa wewe sijui kama nimepewa. Yako iliondoka ukiwa juu ya ngazi. Mimi hamu ingali ipo. Inakuja jioni, inakaa kitandani pamoja nami, na Caren anakuja anakaa upande ule mwingine, tunakaa watatu mpaka inaondoka. Kesho inarudi. Huenda wengine hupewa yote mara moja na wengine hupimiwa. Nimeacha kuuliza kwa nini wewe. Nafurahi ni wewe. Hilo pia ni kweli, hata siku zile ninazokulaumu.

Kila asubuhi mimi huomba macho. Najua alichosema daktari, lakini huomba. Juzi niliomba, nikawataja watu wote, nikasema amina, na ni baada ya chai nilipogundua sikuyaomba. Nilikuwa nimesahau. Nilijisikia kama mtu aliyetoka makaburini.

Njoo Jumamosi, siku ya wageni.

Dada yako,
Kavetsa

Mimi Caren naongeza haya bila ruhusa. Dada yako amelia tangu hapo kwa maombi mpaka mwisho, na ameniambia nisiliandike. Naliandika kwa sababu hapa tumefundishwa tusifiche. Uje mapema. Siku ya wageni hutoka kukaa langoni mara tu tukimaliza uji, na kila mtu akiingia yeye hugeuza uso. Wengine humpita kimya, wakidhani anaota jua. Kwa hivyo ukifika usimguse kwanza, atashtuka. Sema jina lako.